Mhuri wa Kizibo cha Soda

Kila asubuhi nilifagia uani, nikachemsha maji ya kuoga, kisha nikamwamsha mgeni wetu. Alikuwa msichana wa rika langu, mmoja wa wanafunzi kumi waliotoka nchi ya mbali kuja shuleni kwetu kwa wiki mbili. Mwaka unaofuata na sisi tungekwenda kwao. Tulijifunza pamoja namna ya kutambua habari za uongo. Nyumbani waliniita Kiherehere, na hawakunisingizia.

Alhamisi ile shangazi, ambaye ni muuguzi, hakugusa chai yake. Ilikuwa siku ya chanjo ya surua zahanatini kwake, na akina mama walikuwa wakiishia njiani na kurudi. Alituonyesha tangazo lililozagaa kwenye simu: chanjo imeharibika, watoto wawili wamezimia. Surua ilikuwa imeshalaza watoto sita mtaani, na gari la chanjo lingeondoka saa saba mchana.

Tangazo lile nililitunga mimi.

Juzi yake mwalimu alitaka kila wawili watunge habari ya uongo yenye sura ya kweli, wenzao watafute kasoro. Mimi na mgeni tukaandika ya chanjo, naye akachora mhuri kwa kuzungusha kalamu kandokando ya kizibo cha soda. Juu tuliandika ZOEZI kwa wino mwekundu, kama tulivyoagizwa. Yetu ikashinda. Nikaipiga picha kwa simu ya kaka, nikakata sehemu ya juu ili ipendeze, nikamtumia binamu mmoja tu, tucheke. Binamu naye ana binamu zake. Sasa utani ulikuwa unanitokea puani.

Nilijua nikisema, safari basi. Mgeni alinivuta pembeni. "Sema," alinong'ona kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe hasemi, mimi nasema."

"Shangazi, ni mimi," nikasema.

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliniambia nichukue karatasi yenyewe, tukaondoka.

Langoni kwa zahanati walisimama akina mama watatu wenye wasiwasi. Niliwasomea karatasi, nikawaonyesha neno nililolikata. Mgeni akaomba kizibo, akachora mhuri mwingine mbele ya macho yao. Mmoja alisema nimemtoa jasho bure, akaingia na mwanawe. Kisha tukapita mlango kwa mlango, tukizomewa hapa, tukisikilizwa pale.

Hadi saa saba watoto arobaini na mmoja walikuwa wamechanjwa. Saba walioandikishwa hawakuletwa. Mwalimu, aliyepigiwa simu na shangazi, alikuwa ameshafuta jina langu kwenye orodha ya safari. Nililia.

Shangazi alikaa kando yangu. "Uongo wako ulifika nyumba zote bila kuchoka," alisema. "Ukweli tumeupeleka kwa miguu, na bado haujafika kote. Kabla hujatuma kitu, jiulize kikiwa si kweli, nani atazunguka kukisahihisha."

Nikajibu nimeelewa.

"Basi futa machozi. Chanjo za wale saba nimeziomba zibaki kwenye friji. Kesho asubuhi tunaanza na nyumba zao, na wewe ndiye utakayebisha hodi."