Kabati Lililosogea

Fundi cherehani hakuwa na mpinzani kwa usafi mtaani kwake. Tetemeko la ardhi lilipopita asubuhi, alifagia lipu iliyodondoka, akarudisha kabati la vitambaa mahali pake, akaufunika ufa wa ukutani kwa kalenda. Afisa wa matetemeko alipobisha hodi, nyumba ilikuwa inang'aa.

"Mtikisiko uliwapataje, dada?" aliuliza, daftari mkononi.

"Kidogo tu, mdogo wangu. Hakuna kilichoharibika." Aliona haya. Mgeni aende kutangaza kwamba nyumba yake ni mbovu?

"Kidogo?" mama mkwe wake alidakia kutoka kitandani. "Kabati lilitembea kama linakwenda harusini!"

Afisa alicheka. "Asante, bibi. Hilo ndilo nililofuata."

"Si redio imeshataja ukubwa wake?" fundi aliuliza.

"Ukubwa ni mmoja kwa tetemeko zima, unapimwa kwa mitambo. Ukali wa mtikisiko ni kitu kingine. Unatofautiana mahali na mahali. Tunaupima kwa mliyohisi na mliyoona, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Vyombo vikigongana kabatini, ni nne. Samani nzito zikisogea na lipu ikidondoka, ni sita. Ikifika saba au nane, nyumba dhaifu zinaharibika vibaya."

"Ndiyo maana dada yangu kule kilimani hakuhisi sana!"

"Kwake ni mwamba. Hapa bondeni udongo ni laini, unatikisika zaidi."

Fundi aliibandua kalenda polepole. "Basi andika sita. Nisamehe, nilificha."

Afisa aliandika, kisha akachungulia chumbani, akatazama kabati na kitanda cha bibi kando yake. "Likija tetemeko kali zaidi, kabati hili litamwangukia bibi."

Fundi akamwita seremala. Siku hiyohiyo seremala alilifunga kabati ukutani kwa vyuma, na kitanda kikahamishiwa upande wa pili.

Wiki tatu baadaye, mchana, bibi akiwa amejilaza, ardhi ilitikisika tena. Fundi alijificha chini ya meza ya kukatia vitambaa. Kulipotulia, alikimbilia chumbani. Vyuma vimepinda, lakini kabati limesimama. Pale kitanda kilipokuwa mwanzo, lipu imejaa sakafuni. Bibi amejikunyata kitandani, mto kichwani, mzima. Fundi alimkumbatia, akalia kwa shukrani.

Afisa aliporudi, aliikuta lipu palepale.

"Leo sijafagia," fundi alisema. "Karibu uone kila kitu. Asante sana, mdogo wangu."

"Na hili uliandike," bibi alisema. "Kuna mtu hapa yu hai, anakushukuru."