Sindano ya Miezi Mitatu

Mwezi wa sita Mbeya ilikuwa na baridi ya kuuma mifupa, na soko la Mwanjelwa lilijaa makoti na kofia za sufu. Katikati ya umati huo, mbele ya meza ya mchele, mwanaume mrefu wa miaka hamsini na sita alivua koti, kisha sweta, jasho likimtiririka shingoni.

"Baba, unatafuta mchele au unatafuta nimonia?"

Aliyeuliza alikuwa Ikupa, muuza mchele, mjane mwenye kicheko cha kusikika meza ya tatu, kitenge cha bluu kimemkaa vizuri kiunoni. Alichukua kipande cha boksi akaanza kumpepea.

"Joto la ghafla tu, mama. Litapita."

"Joto, Mbeya hii? Wewe mtu wa wapi?"

"Iringa. Naitwa Kalinga, nauza mbao."

"Haya, Kalinga wa mbao, kaa kwenye gunia hapo. Ukianguka watasema mchele wangu una sumu."

Kalinga alicheka, akakaa. Hakumwambia kwamba alikuwa anatoka hospitali, kuchomwa sindano chini ya ngozi ya tumbo, ile inayokaa miezi mitatu mwilini ikizuia homoni za kiume, ili saratani ya tezi dume ikose cha kula. Kwa miaka miwili saratani ilikuwa imetulia kabisa. Lakini sindano ilimletea majoto hayo, ikamvimbisha kifua hadi akaanza kuvaa mashati mapana, na hamu ya mwanamke ikazima. Hakumwambia mtu, hata mwanawe Anord.

Na bado alimpenda Ikupa. Alimpenda kijinga, kama kijana. Kila jioni alimpigia simu kutoka Iringa.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Ndizi na maharage. Wewe?"

"Ugali."

"Nyie Wahehe na ugali wenu! Nikija huko nitakufundisha kula."

Mwezi wa kumi na moja Ikupa alikwenda Iringa kweli, amevaa gauni jipya la maruni, nywele kasuka. Alikaa siku nne. Siku zote nne Kalinga alilala ameuelekea ukuta, akisingizia malaria. Ikupa alirudi Mbeya kimya, na simu yake ya kwanza haikuwa na utani.

"Baba Anord, mimi si mtoto. Kama una mwingine, sema."

"Sina, Ikupa."

"Basi hunitaki."

Ukweli ulimfika kooni. Akaumeza. Afadhali amwone malaya kuliko amwone si mwanaume. Ndivyo alivyofikiri, mtu mzima na akili zake.

Mwezi wa kumi na mbili nesi wa kliniki alimpigia. "Mzee Kalinga, tarehe yako ya sindano imepita."

"Nimesafiri, dada."

Mwezi wa tatu nesi alipiga tena, na Kalinga hakupokea. Alikuwa ameanza kujisikia mzima. Majoto yalikoma, mikono ikapata nguvu, na asubuhi moja aliamka hamu imerudi, mwili wake ukiwa wake, akapiga magoti kumshukuru Mungu. Alipokwenda Mbeya mwezi wa tano, Ikupa alimkumbatia, akamtazama usoni, akaangua kicheko.

"Kumbe upo!"

"Nipo, mama. Nipo sana."

Mshenga akapeleka barua ya posa, ikajibiwa ndani ya wiki. Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma Kalinga. Alisema ni mbao. Jumapili ndoa yao ilipotangazwa kanisani mara ya pili, Kalinga alitaka kusimama, miguu ikakataa.

Walimrudisha kwenye hospitali ile ile ya Mbeya. Ikupa alikuwa kando ya kitanda daktari alipofungua faili.

"Mzee, sindano mbili hukuja. Kwa nini? Ugonjwa umeingia kwenye uti wa mgongo. Tutakuchoma tena, maumivu yatapungua. Lakini miguu sikuahidi. Na muda wenyewe si mrefu."

Daktari alipoondoka, Ikupa aliuliza taratibu, "Sindano gani?"

Kalinga akamweleza yote, macho darini. Kifua, majoto, ukuta. "Nilitaka uolewe na mwanaume."

Ikupa alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Kalinga, yule marehemu alikuwa mwanaume wa kila siku. Miaka kumi na tisa. Hakuwahi kuniuliza nimekula nini." Sauti ilimkatika. "Mwezi ule nilipokuja kwako, nilijiuliza, ninanuka? Nimezeeka? Sikulilia kitanda, baba. Nililia kwa kuwa ulinipa mgongo. Ungegeuka tu. Ungegeuka ukanishika mkono, ningekaa na wewe hivyo hivyo mpaka uzee."

Kalinga alijaribu kugeuka amtazame. Hakuweza, ikabidi Ikupa azunguke kitanda.

"Mwambie mchungaji asitangaze mara ya tatu," Kalinga akasema. "Sikutakii ujane wa pili."

"Umeshanipa."

Nesi aliingia na kisahani cha sindano, akafunua shuka, akapaka spiriti tumboni. Ikupa alimshika mkono, na Kalinga akalia kwa sauti wodi nzima ikisikia.

"Pole, baba," nesi akasema. "Inauma kidogo tu."