Si Basi, ni Besi

Saa sita mchana pale Ukunda hapasikilizani. Bodaboda zinapigiana honi, wauza madafu wanagombania kivuli kimoja, na dukani kwa Biasha mashine ya kuchapa mabango ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi. Biasha alikuwa amekunja mikono ya buibui hadi viwikoni, mtandio wake wa manjano umemteleza hadi kisogoni, wino umempaka shavu naye hana habari. Ndipo akaingia kijana mrefu, shati la drafti, viatu vimejaa mchanga.

"Assalamu alaikum. Nimekuja kuchukua bango la bendi ya Tumbawe."

"Waalaikumu salaam. Ninyi ndio wale wa roki, mnaopigia watalii Diani? Hili hapa, litazame. Likishatoka mlangoni halirudi."

Kijana akalikunjua juu ya meza, akalikodolea macho.

"Mbona tuko watatu?"

"Kwani hamko watatu?"

"Tuko wanne, bibie."

"Wa nne yuko wapi?"

"Mbele yako, ameshika bango."

Biasha alitamani sakafu impokee. Jina la hoteli lilikuwa refu, halikuenea, naye akamkata pichani yule wa pembeni aliyesimama gizani amefunga mdomo.

"Wallahi nilidhani ni mbeba spika," akasema, na hapo akazidi kuharibu.

Kijana akaangua kicheko. Ukingoni mwa bango vilikuwa vimebaki vidole vinne juu ya shingo ya gitaa, havina mwenyewe. "Hukunimaliza. Hivi ni vyangu. Naitwa Muzammil, kwetu Vanga. Napiga besi, gitaa la sauti nzito."

"Nitakuchapia jingine."

"Liache. Nipe namba yako ya simu, tutakuwa tumelipana."

Mapenzi yakaanza kwa simu, kama yaanzavyo siku hizi.

"Hujambo, mkata watu?"

"Sijambo, mwenye vidole. Umeshakula?"

"Nitakulaje nami sijaisikia sauti yako tangu alfajiri?"

"Muongo wewe! Saa mbili tulizungumza."

"Saa mbili ni zamani, roho yangu."

Jumapili moja alasiri Biasha akaenda Diani kumsikiliza. Alivaa dera la zambarau, akajifukiza udi, akaagiza juisi ya ukwaju. Ngala, mwimbaji na mpiga solo, aliruka jukwaani na suruali yake ya ngozi, watalii wakampigia mbinja. Muzammil alisimama nyuma kando ya ngoma, macho chini. Wimbo ulipokwisha watu wote walimshangilia Ngala. Na Biasha naye, tumsitiri vipi, alimpigia makofi Ngala.

"Sikukusikia," akamwambia kwa haya walipopumzika.

"Tukianza tena, weka kiganja mezani."

Akaweka. Meza ilikuwa ikitetemeka taratibu, na mtetemo ule ukampanda mkononi hadi kifuani. Akawatazama wachezaji. Miguu yao haikumfuata Ngala hata kidogo, ilimfuata Muzammil, nao hawakujua.

"Haikuudhi?" akamuuliza baadaye.

"Arusini watu humsifu bwana arusi. Mpishi wa pilau huulizwa siku wali ulipoungua. Nimezoea." Akatabasamu. "Ila ningependa mtu mmoja anisikie. Mmoja tu ananitosha."

Biasha akamwahidi kuwa ndiye. Aliahidi haraka mno.

Maana palikuwa na Mzee Abdurahman. Baba yake Biasha aliendesha trekta la miwa Ramisi miaka ishirini na sita, na mngurumo ule ukamla masikio. Sasa alikaa kwake Msambweni, na kumsemesha kulitaka ukelele. Sauti nyembamba zilikuwa zimemhama kabisa: ndege, watoto, mlio wa simu. Alikuwa mtu wa msikiti, na neno lake halikuwa na marudio: binti yake hataolewa na mtu wa muziki. Kwa hiyo Muzammil alipotaka kupeleka posa, Biasha alimwinamia baba yake sikioni akamwambia, "Ni fundi wa umeme hotelini." Ulikuwa uongo mfupi, wa pumzi moja.

Wazee wakaja kutoka Vanga Jumatatu, wakiongozwa na Mselem, ami yake Muzammil. Mzee Abdurahman akawapokea kwa bashasha, akawaambia warudi Ijumaa kuchukua jibu. Walipoondoka, haukupita muda simu ya Biasha ikalia.

"Biasha." Leo hakumwita roho yangu. "Ami Mselem ananiuliza, tangu lini nimekuwa fundi wa umeme?"

"Muzammil, nisikilize..."

"Yeye mtu mzima, alinyamaza asikuaibishe kwenu. Mimi je?"

"Nilikuwa natafuta njia! Baba angekataa palepale!"

"Angenikataa mimi. Sasa anamkubali nani? Mtu asiyekuwepo? Umenikata tena, Biasha. Mara ya kwanza hukunijua. Safari hii unanijua."

Simu ikakatika.

Akampigia, haikushikwa. Akamwandikia, ujumbe ukasomwa usijibiwe. Kila asubuhi njia ya kazini ilimpitisha chini ya lile bango, lililotundikwa kando ya barabara, na vile vidole vinne vikimtazama. Alimchapia mteja mmoja jina la duka lake kichwa chini. Kilichomtafuna kilikuwa wazi: akikaa kimya, Ijumaa baba atasema ndiyo, na Muzammil hataoa kwa kazi ya mtu mwingine. Akisema kweli, baba atasema la. Kila upande ulikuwa moto.

Alhamisi alasiri akamkuta baba barazani, kofia imekaa sawa kichwani, tasbihi mkononi. Ua wa pili, jirani yao Mama Chirau alikuwa akitwanga.

"SHIKAMOO, BABA!"

"Marahaba, mwanangu. Una nini? Umekonda."

"Muzammil si fundi wa umeme. Nilikudanganya."

"Eti?"

"SI FUNDI WA UMEME! NILIKUDANGANYA! KAZI YAKE NI BESI!"

Mchi wa Mama Chirau ukasimama.

Mzee akakunja uso. "Basi? Anaendesha basi?" Akatikisa kichwa kuafiki. "Kazi nzuri hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa dereva."

Mlango ukafunguka mbele ya Biasha, mpana, hauna bawabu. Hakuhitaji hata kusema uongo, kuitikia kwa kichwa kungetosha, na kesho jibu lingekuwa ndiyo. Alihisi shingo yake inaanza kuinama. Kisha akavikumbuka vile vidole, vimebaki bila mtu.

"SI BASI, BABA! NI BESI! GITAA! ANAPIGA GITAA KATIKA BENDI YA ROKI, NAMI NAMPENDA HIVYO HIVYO!"

Mtaa mzima ulisikia. Mtu mmoja katika duka la ng'ambo ya njia akacheka. Biasha akasimama pale machozi yakimtoka, hana pa kujificha. Mzee akapitisha punje tatu nne za tasbihi.

"Wageni waambiwe wangoje," akasema. "Kesho baada ya sala, nipeleke nikamwone."

Bendi ilikuwa ikifanya mazoezi katika ghala moja nyuma ya soko la Ukunda. Mzee Abdurahman alipoingia na kanzu yake nyeupe na bakora, Ngala aliduwaa. Muzammil akaja akamwamkia kwa adabu, kisha akamgeukia Biasha bila kumtazama usoni.

"Amekuja kufanya nini?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kazi yako. Kwa ukelele. Mama Chirau aliacha kutwanga."

Muzammil akalichukua gitaa lake.

"Pigeni," mzee akaamuru.

Wakapiga. Ngala akaimba hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Mzee alisimika bakora sakafuni, akaiegemea kwa mikono miwili, akafumba macho. Wimbo ulipokwisha akamnyooshea Ngala kidole.

"Huyu mbona anapanua kinywa tu?"

"ANAIMBA, BABA!"

"Mimi simsikii. Wala yule wa pili. Namsikia huyu." Bakora ikamwelekea Muzammil. "Huyu peke yake. Ananguruma kama trekta langu lilipokuwa na mzigo, polepole, halikosei."

Muzammil akageukia ukuta, akajifanya anatafuta waya. Mabega yake yalimfichua kuwa analia.

"Kijana, nisikilize. Muziki siupendi, na hapa sirudi tena. Lakini wewe hukunidanganya. Mwongo ni huyu wangu, na hilo tutalimaliza nyumbani. Jumapili njoo na wazee wako. Nitauliza kazi yako, na atakayejibu ni yeye, mbele ya watu, kwa sauti ile ile."

Aibu ilimshuka Biasha hadi miguuni. Muzammil akaja akasimama karibu naye, macho mekundu.

"Utaweza?"

"Nitaweza. Nisamehe."

"Mkata watu wewe," akasema. Kidonda kilikuwa bado kinasikika, lakini sauti ilikuwa ile ya simu za mwanzo.

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni. "Haya, wewe wa basi! Jumapili usichelewe!"

"BESI, BABA!"

"Najua," akasema mzee bila kugeuka. "Hata jana barazani nilisikia besi. Nilitaka nione utaitikia lipi."