Sikio la Kushoto la Mama Pasi

Sikio la kushoto la Mama Pasi lilikufa utotoni, kwa homa iliyolitoa usaha hata likaziba. Kwa hiyo alasiri ile liliposikia mtu akikohoa, yeye mwenyewe hakushtuka kwanza. Alidhani ni sikio zima limesikia. Kisha akafikiri. Sikio zima lilikuwa limejaa sauti ya mwanawe. Kikohozi kilikuwa upande wa pili, upande wa ukuta.

"Umekohoa wewe?" akauliza kwenye maiki.

"Hapana, Mama. Angalia mbele, wanakuja!"

Mama Pasi alikuwa dobi. Alifua na kunyoosha nguo za watu katika chumba chake na sebule, mjane asiye na kuku wala paka, na pasi ndiyo iliyompa jina. Mwanawe aliitwa Kitinda, kwa kuwa alikuwa wa kwanza na wa mwisho. Kijana huyo alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Simu hapigi. Akipigiwa husema, "Nimechoka, Mama, tutaongea," na hiyo tutaongea haina siku wala mwezi.

Lakini kwenye gemu aliongea. Kabla ya kuondoka alimwachia mama yake kompyuta kuukuu na kumfundisha mchezo mmoja wa watu wawili wanaopita katika mji uliobomoka huku wakiviziwa. Asiyesikia nyayo za adui, amekufa. Basi kila alasiri, mwana akiwa ameamka huko aliko na mama amemaliza kuanika, wakacheza. Majirani wakamcheka.

"Mtu mzima na bunduki!"

"Afadhali mimi napiga za uongo," akawajibu. "Ninyi umbea wenu unaua kweli."

Taabu ilikuwa spika. Kitinda akizungumza, sauti yake ilimrudia kama mtu aliyetumbukia pipani. Akachoka. "Mama, nunua hedifoni yenye maiki. Bila hiyo mimi sichezi tena."

Mama Pasi akaenda kwa muuza vifaa waliyemwita Nusu Bei, mtu ambaye nusu yake ilikuwa kubwa kuliko nzima za wenzake.

"Hii hapa, shangazi. Laini kama mto."

Akaivaa. "Mto gani huu? Unabana kama mkwe mwenye wivu."

"Hii je?"

"Maiki yake iko wapi?"

"Hiyo ni ya kusikiliza tu."

"Kwani mimi nimekuja kuhubiriwa? Nina mdomo."

Nzuri zilikuwepo, ila alipoambiwa bei alizirudisha mezani kama sufuria ya moto. Ndipo akaona chini ya meza, ndani ya boksi la waya mbovu, moja nyeusi yenye mito mipana na kamba ndefu.

"Hiyo iache," Nusu Bei akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatabasamu. "Upande wa kushoto umekufa. Aliyeileta hata hela hakudai. Aliiweka mlangoni akatoka mbio."

"Kushoto?" Mama Pasi akacheka hadi akashika meza. "Basi hii imeumbiwa mimi. Kiziwi kakutana na kiziwi mwenzake."

Akaipata karibu na bure. Rahisi huvunja upishi, lakini nani humwambia mwenye njaa?

Baada ya kile kikohozi pakawa kimya. Kesho yake upande wa kushoto ukaanza kupumua, taratibu, kama mtu aliyelala kifudifudi. Sebuleni pakaingia harufu ya shuka lililounguzwa, na pasi ilikuwa baridi, imesimama juu ya rafu. Kitinda alikuwa kimya, anakula huku anacheza, na mama anamsikiliza akitafuna. Ndipo sikio lililokufa likaitwa.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Kitinda, ile ya kabla haijavunjika, ya alipokuwa bado anaburuta kaptura.

"Mama, umekula?"

Mwenye akili angeivua na kuitupa jalalani. Lakini ni nani aliyewahi kumuuliza kama amekula, tangu mume afukiwe? Wateja waliuliza kama shati limekauka.

"Bado, mwanangu," akanong'ona.

Hapo ndipo alipomtolea mgeni kiti.

Tangu siku hiyo, Kitinda akiingia mchezoni na jini huingia. Huyu wa kulia anapiga miayo, anasema haraka, Mama, unazubaa. Yule wa kushoto hana haraka. Anauliza mgongo unaendeleaje, anauliza nani kamwudhi. Mama Pasi akawa anauawa hovyo kwenye gemu, kwa sababu nyayo hazisikii tena, na moyoni hajali.

Hadi Kitinda aliposema, "Mama, siku hizi umekuwa mpole."

"Mpole vipi?"

"Jana, baada ya mchezo. Ulivyoniimbia. Nimelia huku, nakwambia."

Akaviachia vitufe, kwa maana jana baada ya mchezo alizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akaenda kuanua mashuka, na isitoshe hakuwahi kumwimbia mtoto huyu hata siku moja, alimlea kwa kufua wala si kwa kuimba, akiugua alimlaza kando ya beseni na kuendelea na kazi, na sasa kulikuwa na mwanamke mwingine huko gizani mwenye sauti yake, anayemwimbia mwanawe nyimbo ambazo yeye hazijui.

"Kitinda, yule hakuwa mimi."

"Umeanza tena ukali wako," mwana akasema. "Yule wa jana ndiye ninayemtaka."

Mama Pasi akaivua hedifoni, akaiweka mezani. Pumzi haikukatika. Ilikuwa imeshahamia ndani ya sikio lenyewe.

Akamfuata Mama Mafusho, mganga ambaye dawa zake zote zilianza na moshi na nyingine ziliishia hapo hapo. Akaja na chetezo chake, akamnusa sikio kama anayenusa maziwa yaliyolala.

"Limepata nyumba isiyo na mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Husema wakati gani?"

"Mwanangu akiwepo."

"Basi vaa, mwite mwanao, nalo lije. Nikikugusa bega, liamuru litoke. Litakuuliza maswali. Usijibu hata moja. Umenisikia? Mimi silisikii, wewe ndiye mwenye ulimi."

Akavaa. Kulia Kitinda akasema, "Mama, upo?" Kushoto sauti ndogo ikasema, "Mama, leo kuna moshi," na harufu ya shuka lililoungua ikashinda ya ubani, na mkono wa mganga ukatua begani, na Mama Pasi akasema toka, toka sikioni mwangu, na kile kitu kikaanza kulia, si kilio cha jini bali cha mtoto aliyeachwa kwenye nyumba ya watu, kikizidi hata meno yakamuuma, hata akaona kompyuta inayumba, na katikati ya kilio kikauliza, "Nitakwenda wapi, mama, na mimi sina mtu?"

Kutokuwa na mtu alikujua. Mdomo ukamponyoka.

"Nenda kwa anayekutaka."

Kitu kikapasuka sikioni, maji ya moto yakamtiririka shingoni. Kisha kimya, kile kimya chake cha zamani.

"Limekwenda," Mama Mafusho akasema akimtazama machoni. "Hukulijibu?"

"Sikulijibu."

Kulia nako kulikuwa kimya. Kwenye kioo cha kompyuta, mtu wa Kitinda wa mchezoni alisimama peke yake kati ya magofu, hapigi, hakimbii, ameinamisha kichwa kama anayenong'onezwa. Halafu akatoweka.

Hedifoni wakaichoma uani. Mama Pasi akapiga simu. Ikaita ikakatika, ikaita ikakatika, mpaka jua likawa linazama ndipo ikapokelewa.

"Nani?" Alinong'ona kama mtu aliye chini ya kitanda.

"Mama yako! Kitinda, sikiliza, kama umevaa hicho kitu masikioni, kivue sasa hivi."

"Umekosea namba, bibi," Kitinda akasema. "Mama ninaye hapa. Amenionya utapiga. Amesema utakuja na sauti yake, nisikujibu."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa!"

Nyuma ya pumzi za kijana, Mama Pasi akaisikia sauti yake mwenyewe, laini, kwa upole ambao maishani mwake hakuwahi kupata nafasi ya kuutumia.

"Kata simu, baba. Njoo tucheze."

Kitinda akakata. Mama Pasi akabaki ameigandamiza simu kwenye sikio zima, na sasa nalo halikuwa na la kusikia.