Masizi Ndani ya Mtutu

Watu walimwita Sajini, maana alitembea kifua mbele, ingawa jeshini hakuwahi kukanyaga. Kazi yake ilikuwa kulinda mashamba ya mahindi, nguruwe mwitu wasiyamalize. Alikuwa na kibali na bunduki ya mtutu mmoja, aliyoirithi kwa baba yake.

Kila jioni aliisafisha kama baba yake alivyofanya. Alitia mafuta ndani ya mtutu, akapitisha kitambaa mara moja, basi. Mkewe, Mama Pacha, alimtazama kwa wasiwasi.

"Kitambaa kimetoka cheusi tititi," alisema. "Si uoshe kwa maji?"

"Maji kwenye chuma? Unataka kutu iile bunduki? Hebu nenda kaoshe masufuria yako!"

Mama Pacha akarudi kwenye masufuria, lakini roho haikutulia. Siku hizi risasi zilikuwa ngumu kuingia. Sajini alizisukuma kwa dole gumba huku amenuna. Kila alipotoka na bunduki, mkewe alikaa roho juu mpaka amwone mlangoni tena.

Jioni moja alimpelekea chai shambani. Mara nguruwe wakavamia mahindi. Sajini akafyatua. Paa! Akatia risasi nyingine. Paa! Ya tatu haikulia hivyo. Ilisema "pufu", kinyonge, na moshi ukatoka polepole. Nguruwe wakaendelea kutafuna.

"Aa, risasi hii imepata unyevu," Sajini alisema. Akatia mkono mfukoni kutafuta nyingine.

Mama Pacha aliweka chai chini. Mambo ya bunduki hakuyajua, lakini mlio wa bunduki ile aliujua vizuri. Akamshika shati.

"Usifyatue tena! Nakuomba, Baba Pacha!"

"Niache! Huoni mahindi yanaliwa?"

"Yaliwe! Mahindi yatapandwa tena. Wewe nitakupanda wapi?"

Sajini akaona mkewe hamwachii shati. Akauelekeza mtutu ardhini, mbali na watu, akasubiri kidogo, kisha akatoa ganda la risasi. Bila kutia risasi nyingine, wakaenda kwa dada yake Sajini, fundi wa bunduki.

"Haa, wifi!" fundi akacheka. "Umekuja kumshtaki kaka yangu?"

"Nimekuja naye akiwa bado na vidole vyake vyote," Mama Pacha alijibu. Yeye hakucheka.

Fundi aliifungua bunduki, akahakikisha haina risasi. Akachungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma, akiuelekeza kwenye taa. Uso ukambadilika.

"Kaka, hebu chungulia."

Sajini akachungulia. Hakuona mwanga. Ndani kulikuwa giza tupu.

Fundi akasukuma kwa ufito wa mbao. Kizibo cha risasi kikaanguka mezani, kimejaa uchafu kama lami. Marisau, vile vyuma vidogo vya ndani ya risasi, yakamwagika, yakabingirika mpaka sakafuni.

"Ungefyatua tena, mtutu ungepasuka mkononi mwako," fundi alisema. "Mkono ungekwenda. Macho yangekwenda. Jamani, kaka, ningekuzika!"

Mama Pacha akainama, akaanza kuokota marisau sakafuni. Akayaweka mezani moja moja.

"Lakini huwa natia mafuta," Sajini alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo kosa lenyewe. Baruti nyeusi ya risasi zako huacha masizi mengi. Ukitia mafuta juu yake, yanakuwa lami, na njia inazidi kuziba. Leo umepata risasi dhaifu, ikakwama humo. Tena masizi hayo huvuta unyevu, na ndiyo yanayoleta kutu."

"Kwa hiyo baba alikosea?"

"Baba alikuwa na bahati."

Fundi akachukua maji ya moto yenye sabuni. Akasugua mtutu kwa brashi, akapitisha vitambaa mpaka cha mwisho kikatoka cheupe. Akaukausha vizuri kabisa, ndipo akapaka mafuta kidogo.

"Fanya hivi siku hiyohiyo uliyofyatua, usilaze masizi. Shambani nako, baada ya risasi chache, toa risasi na ganda, pitisha kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu. Mlio ukiwa mnyonge, usitie nyingine kabla hujaona mwanga upande wa pili. Na hizo risasi zenye unyevu niachie hapa. Bunduki pia iache, niikague kama ina ufa."

Bunduki ilirudi ikiwa nzima. Jioni iliyofuata Mama Pacha alikuwa jikoni. Paa! Paa! Kisha kimya. Alisimama na mwiko mkononi. Kwa nini kimya? Uji ukaanza kuungua, hakusikia harufu.

Paa!

Ulikuwa mlio mkali, safi. Akashusha pumzi.

Sajini alirudi na kitambaa cheusi begani. Hakuuliza chakula.

"Maji ya moto yapo?"

Mama Pacha akafuta machozi kwa upindo wa nguo, akamsogezea ndoo.

"Hayo hapo, osha. Mimi nina masufuria yangu."