Maktaba ya Sauti

Jumanne asubuhi jogoo wa Agripina alipanda juu ya banda, akapiga mabawa, akanyoosha shingo, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Agripina alikuwa anafagia uwanja, akasimama na ufagio mkononi akimwangalia. Jogoo naye akamwangalia.

"Leo jogoo kalala," Theonest alisema kutoka ndani.

"Ameamka, Baba Claudia. Labda ana mafua."

Akaweka ufagio, akaingia ndani kuendelea na kazi aliyoianza jana yake. Na kazi yenyewe ilikuwa hii.

Theonest, mume wake, alikuwa katekista miaka ishirini hapo Murukulazo, mtu wa vitabu, mpaka presha ya macho ikamla macho yote mawili. Agripina hakuwahi kusoma. Kwa ajili ya mume wake akaingia kisomo cha watu wazima akiwa na miaka hamsini na mbili, na siku aliyomaliza mstari mmoja wa Injili bila kusaidiwa, alilia. Ila alisoma polepole, kidole juu ya neno. Theonest alivumilia, halafu siku moja akasema, "Mama Claudia, unasoma kama mtu anayechambua mchele." Alisema kwa utani. Agripina alicheka. Lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Ndiyo maana binti yao Claudia alipowaletea kompyuta ya zamani inayotumia mfumo wa Linux, Agripina alipanda basi mpaka Nyakanazi kwa Renatus, mtoto wa kaka yake, fundi wa simu na kompyuta. Renatus akampa flash.

"Shangazi, humu kuna maktaba ya sauti. Ikikubali, kompyuta itamsomea baba kitabu chochote. Lakini nimekupa unga, siyo ugali. Mashine yako ni ya zamani, ugali uliopikwa tayari haiukubali. Utaupika mwenyewe humo humo ndani yake." Akamwandikia amri kwenye daftari, herufi moja moja. "Na ujue, maktaba moja inategemea nyingine. Ikikuambia fulani hajapatikana, anza kumpika huyo fulani. Naye ana wake anaowategemea."

Jumatatu, jua lilipokuwa kali na sola ina nguvu, Agripina akaanza. Maktaba ya sauti ikataka ya pili. Ya pili ikataka ya tatu. Ya tatu ikataka ya nne, na ya nne haikuwemo kwenye flash. Akarudia mara sita. Haijapatikana. Haijapatikana.

Nahimana, jirani yake, mwanamke wa asili ya Burundi ambaye kicheko chake kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, aliegemea dirishani.

"Agri, bado unalima kwenye kioo?"

"Kazi haiishi, mwenzangu."

"Basi ita ikibiri," Nahimana akasema, akacheka.

Ikibiri ni kulima kwa zamu. Shamba likikushinda unaita majirani, wanakuja na majembe yao, na siku yao ikifika unakwenda. Unaweza kukosa misa, lakini siku ya mtu aliyekulimia hairukwi.

Agripina naye akacheka. Akainamia kioo cha kompyuta akasema kwa adabu, kama anavyosema kwenye milango ya watu, "Jamani huko mliko, njooni mnisaidie. Leo kwangu, kesho kwenu." Akabonyeza kitufe kikubwa cha kuendelea, kile alichomwonyesha hata Theonest akakigusa kwa kidole.

Mashine ikanguruma, maandishi yakashuka mbio. Haikugoma tena.

Sasa, Jumanne hiyo, alipokaa mbele ya kioo aliona kitu kimoja kimebadilika. Jana maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, aliyatambua kwa sura tu. Leo yalikuwa Kiswahili, na aliyasoma bila taabu.

*Jogoo: amepatikana.*

*Mbwa: anatafutwa.*

Pikipiki ikapita njiani. Mbwa wao alitoka mbio akaifukuza, mdomo unafunguka na kufumbika, meno nje, na uwanja mzima kimya kama kanisa Jumatatu.

*Mbwa: amepatikana.*

Chumba kilianza kunuka udongo. Ulikuwa mwezi wa nane, mvua haijaonekana tangu Mei, lakini ilinuka ardhi mbichi iliyopinduliwa sasa hivi, na jasho, na pombe ya ndizi. Na feni ndogo ndani ya mashine haikulia tena kama feni. Ilipiga kwa mpigo, pa, pa, pa, kama watu wengi wanaoshusha majembe pamoja.

Nahimana akatokea mlangoni. "Wewe, mbwa wenu anapiga miayo barabarani, njoo umwone," akasema, akaanza kucheka kile kicheko chake, na Agripina alikuwa bado amegeukia kioo alipoliona jina la jirani yake likiandikwa, na kabla hajamaliza kulisoma kicheko kikakatika nyuma yake, akageuka akamwona Nahimana amesimama mdomo wazi, mabega yanatikisika, machozi yanaanza kumtoka, mkono umeshika koo.

*Imebaki moja: Agripina. Tuendelee?*

Agripina alimvuta Nahimana nje, akampigia Renatus.

"Shangazi, nilikuwekea maktaba tatu tu," Renatus alisema. "Hizo nyingine sizijui. Isimamishe. Bonyeza Ctrl na C pamoja."

Akarudi, akabonyeza. Kioo kikaandika, *Siku yetu hairukwi.* Akang'oa waya wa sola. Akaigeuza mashine akatoa na betri. Majembe yakaendelea kupiga, pa, pa, pa, na swali likabaki pale pale linawaka.

"Mama Claudia, imefika wapi?" Theonest aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Bado kidogo." Hakutaka kumtisha.

Mzee Kazimili, mganga wa Nyamigogo, siku hizo alikuwa kwa binti yake nyumba ya tatu, Agripina akakimbia kumwita. Alipofika uwanjani alisimama kabla ya mlango, akanusa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani aliwaita kulima?"

"Mimi," Agripina alinong'ona. "Nilitania."

"Jini lililoingia lenyewe ningelifukuza. Hawa wameitwa, wamelima, wana siku yao." Alimwangalia Nahimana anayelia bila sauti. "Sauti ya huyu na za wale wanyama zimekwenda. Lakini wewe wamekuuliza. Nyumba yako isipojibu, hawana njia. Usijibu. Tuitoe nje, tuizike kabla jua halijazama."

"Mama Claudia!" Theonest aliita kutoka ndani, kwa furaha. "Nahimana anasema kazi imekwisha, eti nibonyeze kile kitufe kikubwa."

Nahimana alikuwa amesimama hapo hapo kati yao, mkono kooni. Agripina alikimbia, akavuka kizingiti, akafungua mdomo kusema usibonyeze Baba Claudia, usibonyeze, huyo siyo Nahimana, na aliyahisi maneno yakipanda kifuani na kupita kooni na kufika kwenye ulimi yakiwa hewa tupu, kwa sababu kidole cha mume wake kilikuwa kimeshashuka.

Majembe yakanyamaza.

"Baba Claudia," kompyuta ikasema, kwa sauti ya Agripina, yenye mkwaruzo wake ule ule. "Kaa vizuri. Nikusomee nini?"

Theonest aligeuza sikio kwenye sauti. "Nisomee Injili."

Ikasoma. Haikusita hata penye majina magumu.

Mzee Kazimili aliingia akamwambia Theonest ukweli wote. Theonest akatabasamu. "Mzee, mke wangu huyu hapa anaongea."

"Nenda salama, mzee," sauti ikasema. "Asante kwa kuja."

Agripina aliushika mkono wa mume wake, akauweka kooni kwake, akatikisa kichwa, akatikisa tena.

"Una nini, Mama Claudia?"

"Nimechoka tu," sauti ikajibu nyuma yake.

Theonest akampapasa shavu. "Pole. Lakini leo umesoma vizuri sana."

Theonest aliporudi kwenye kiti chake, Agripina alivuta stuli mbele ya kompyuta. Mashine hii ilitengenezwa isome chochote kitakachoandikwa. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akihakikisha kila neno kama mwalimu wa kisomo alivyomfundisha: *Mume wangu, huyo siyo mimi. Mimi sina sauti. Niko hapa.* Aliyasoma tena moyoni. Hakuna herufi iliyokosekana. Akabonyeza.

"Mume wangu," kompyuta ikasoma, kwa upole, "lala bila wasiwasi. Kesho nitakusomea tena."