Neno la Siri Lilikuwa Karibu

Jamani, nisikilizeni mimi niliyebaki na kitanda cha wawili.

Asubuhi ile nyumba yangu ilikuwa tulivu. Mke wangu alikaa dirishani akishona vifungo vya shati langu, akipumzika kila baada ya kifungo kimoja kwa sababu ya moyo. Binti yetu, fundi wa kompyuta, alikuwa mezani na bisibisi zake. Mama mtu alikuwa wa arobaini na moja kwenye orodha ya upasuaji ya hospitali kuu.

Binti akaanza kucheka peke yake. Akatusimulia kwamba juzi, alipompeleka mama yake kliniki ya hospitali hiyo, karani wa mapokezi alimpazia mwenzake sauti, ukumbi mzima ukisikia: neno la siri ni "karibu", herufi ndogo. Akalijaribu hapo hapo mezani kwetu, kwenye kompyuta yake. Mfumo wa hospitali ukafunguka kama kopo la sukari.

"Mwanangu, hapo si kwetu," mama yake akasema.

"Mama, wenyewe wameandika karibu. Hiyo ni hodi iliyokwisha kujibiwa."

"Kajibiwa nani? Wewe hujapiga."

Mimi nilikuwa namtazama mke wangu anavyohema. Nikanyamaza. Binti akampandisha mama yake hadi nafasi ya tisa.

"Na huyo wa tisa umempeleka wapi?"

"Wa kumi, mama. Kasogea kidogo tu, kama kwenye benchi."

Nilicheka, Mungu anisamehe.

Siku ya nne hospitali iligundua kuna mtu kaingia. Hawakujua kagusa nini, mstari mmoja au yote, majina au makundi ya damu. Daktari akakataa kumpasua mtu kwa orodha asiyoiamini. Upasuaji ukasimamishwa, mafaili ya karatasi yakasomwa upya, moja moja, wiki tano. Mke wangu hakufika wiki ya tatu. Yule tuliyemsogeza, seremala mmoja, naye hakufika.

Binti alijipeleka mwenyewe polisi. Akafungwa mwaka. Mahakamani karani alieleza kwamba aliwaandikia wakubwa mara mbili kuwa neno lile kila mtu analijua, wakamjibu wataliangalia. Hakuna mkubwa aliyepanda kizimbani. Wao hawapandi, wanapandishwa vyeo.

Nilipomtembelea gerezani aliniuliza jambo moja. "Baba, ungenikataza ningeacha. Mbona hukunikataza?"

FUNZO

Mlango mbovu haumpi mpita njia ruhusa. Ukiona mfumo haujafungwa vizuri, mwambie mwenyewe, wala usiguse, hata kama ndani yake kuna uhai wa mama yako, maana na wenzako wana mama. Ninyi wakubwa, mkiambiwa badilisheni, badilisheni siku hiyo hiyo. Mnatufunga sisi kwa kuingia, na funguo mmezitupa barazani. Nawe mzazi, mwanao akikutafutia unachokitaka kwa njia isiyo halali, sema. Kunyamaza kwangu kulichukua dakika mbili tu.